Sauti ya besi na wimbo wa oktava mbili: kuimba nyimbo ngumu za Kijapani kwenye karaoke

Msomaji mmoja, Mtanzania anayesomea shahada ya uzamili jijini Nagoya, ameandika hivi: "Nimeimba besi kwenye kwaya tangu nikiwa sekondari. Wenzangu wa maabara hunialika karaoke kila mara, na wimbo ninaoupenda kuliko yote ni Hakujitsu wa bendi ya King Gnu. Mwanzo wake siufikii, kiitikio kinanikaba koo, na nikishusha kii kwenye mashine, sehemu za chini hazisikiki tena. Je, nishushe kii kiasi gani? Au sauti yangu haifai kwa nyimbo za aina hii?"

Ndugu yangu, sauti yako haina kasoro, na hushindwi kwa sababu ya kuwa besi. Kinachokupoteza kidogo ni swali lenyewe, kwa kuwa linadhani ipo namba fulani ya kubonyeza ambayo itauweka wimbo wote mahali pako. Kitufe cha kii huuhamisha wimbo mzima juu au chini, nusu toni kwa nusu toni (yaani hatua ya kutoka kitufe kimoja cha piano hadi jirani yake), lakini hakiupunguzi upana wake hata kidogo. Ni sawa na kuhamisha kitanda kutoka ukuta huu hadi ule: nafasi hubadilika, kitanda hakifupiki. Wimbo wenye oktava mbili (oktava moja ni nusu toni 12, kutoka do hadi do inayofuata) hubaki na oktava mbili popote utakapoupeleka, na mtu aliyezoea mistari ya besi ya kwaya, ambayo mara nyingi haizidi oktava moja na nusu, akiushusha mpaka noti za juu zimfae, atakuwa amezizamisha za chini mahali ambapo sauti yake ni pumzi tupu. Kwa hiyo kazi yako ni mbili. Ya kwanza ni kuchagua kii kwa kuangalia mahali wimbo unapokaa kwa muda mrefu, wala si mahali unapogusa mara moja. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kujifunza kubadilisha aina ya sauti palepale ambapo mwimbaji wa asili anaibadilisha.

Tuanze na Hakujitsu wenyewe, uliotoka Februari 2019. Anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani anamsikia mtu mmoja mwenye sauti ya ajabu, ilhali waimbaji ni wawili. Iguchi Satoru ndiye anayeufungua kwa falseto laini, yaani ile sauti nyembamba ya juu ya mwanamume, juu ya piano, na ndiye anayebeba sehemu kubwa ya kiitikio; Tsuneta Daiki, ambaye ndiye mtunzi, anaingia na sauti nzito yenye mkwaruzo katika sehemu za chini. Unaposhika kipaza sauti peke yako, umejitwika kazi iliyogawiwa watu wawili wenye sauti tofauti kabisa. Sisemi haiwezekani, kwa maana wapo wanaouimba peke yao na ukapendeza, lakini ni vyema ujue uzito wa mzigo kabla hujaanza kuilaumu koo yako.

Upana huu wa nyimbo za Kijapani una historia yake. Agosti 2007 kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo ilitoa Hatsune Miku, sauti ya kompyuta iliyojengwa juu ya teknolojia ya Vocaloid ya Yamaha. Watengenezaji walipendekeza itumike kati ya noti ya A3 na E5 (herufi ni jina la noti, namba ni oktava yake, na C4 ni C ya katikati ya piano), kwa mwendo wa mapigo 70 hadi 150 kwa dakika, lakini vijana waliokuwa wakitunga nyimbo vyumbani mwao hawakukubali kubanwa na mapendekezo hayo. Sauti ya kompyuta haivuti pumzi, haichoki, na huruka kutoka chini hadi juu bila kujiandaa, na watunzi wengi walio mbele leo walijifunzia hapo: Yonezu Kenshi, aliyejulikana kwanza kwa jina la Hachi, Ayase, mtunzi wa kundi la YOASOBI, na syudou, aliyetunga Usseewa, wimbo uliotoka Oktoba 2020 siku moja kabla mwimbaji wake, Ado, hajatimiza miaka 18. Watu hao walipoanza kuwaandikia binadamu waliendelea na miruko ileile, na wasikilizaji wakaizoea. King Gnu hawakupitia njia hiyo, ila nyimbo zao zinasikilizwa na masikio yaleyale, na ndiyo sababu kwenye chumba kimoja cha karaoke utakuta vijana watano, wote wakipambana na nyimbo ambazo miaka 30 iliyopita zingeachiwa waimbaji wachache wa kiwango cha juu.

Sasa ipime sauti yako. Chukua programu yoyote ya kinanda kwenye simu, uimbe "a" kwa nguvu ya kawaida ukishuka mpaka mahali ambapo bado unasikika na mtu aliye upande wa pili wa chumba, kisha upande mpaka mahali ambapo kidevu kinaanza kuinuka na shingo kukaza. Baritoni wengi, yaani wanaume wenye sauti ya kati, huwa na raha kuanzia karibu na A2 mpaka E4 au F4, na wanaume wengi hukuta sauti inataka kugeuka, kutoka sauti ya kifua (ile nzito ya kuzungumzia) kwenda falseto, mahali fulani kati ya D4 na G4. Iandike noti hiyo ya mgeuko, kwa sababu utaihitaji kuliko noti yako ya juu kabisa. Ukitafuta majedwali ya nyimbo kwa Kijapani, utakuta wapenzi wa karaoke wana namna yao ya kuandika noti ambayo haifanani na ya vitabu vya muziki. Kila kundi linaanzia kwenye A: mid1A ni A2, mid2A ni A3, hiA ni A4 yenye mitetemo 440 kwa sekunde, na hihiA ni A5. C ya katikati ya piano, kwa hiyo, huandikwa mid2C. Majedwali mazuri hutenganisha noti ya juu ya sauti ya kifua na noti ya juu ya falseto, na wewe linganisha kifua na kifua, falseto na falseto. Wengi huona noti ya juu kabisa ya wimbo, wakaogopa, kumbe noti hiyo mwimbaji anaigusa kwa falseto nyepesi na kuiacha.

Chukulia wimbo ambao sauti ya kifua inafika A4 na noti ya chini kabisa ni C3. Wewe unayeishia F4 itakubidi uushushe nusu toni 4, na ile C3 itakuwa A-flati 2, ambayo bado unaiweza. Lakini kama sauti ya kifua inafika C5, itakubidi ushushe nusu toni 7, na C3 itageuka kuwa F2. Besi mzuri anaitoa F2 kanisani akiwa na wenzake wanne pembeni. Kwenye karaoke, gitaa la besi na ngoma zitaimeza, na wewe mwenyewe hutajisikia. Hapo ndipo unapotakiwa kuamua kwa busara. Noti moja inayopita haraka mwishoni mwa kiitikio haina uzito sawa na mstari mzima unaokaa juu kwa sekunde 20. Sikiliza kiitikio na ujiulize ni noti gani inayorudiwa mara nyingi zaidi. Ukiiweka hiyo chini kidogo ya mgeuko wako, au juu yake waziwazi kwa falseto, wimbo utaimbika hata kama kilele kitakuwa kigumu. Ukiiweka juu ya mgeuko wenyewe, hata kama hakuna noti nyingine ya kutisha, utachoka kabla ya ubeti wa pili.

Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaume wanaoimba nyimbo hizi liko hapa. Falseto ya mwanamume hung'aa ikiwa juu vya kutosha. Ukiishusha mpaka ikaangukia E4 au F4, inakuwa nyembamba na yenye upepo mwingi, na mwimbaji huanza kuyumba, hajui atumie falseto au kifua. Ukiushusha Hakujitsu nusu toni 5 ili kiitikio kikuachie koo, umeuharibu mwanzo, ambao uzuri wake wote unatokana na falseto kuwa huru. Ndiyo maana jibu langu kwa swali lako la kiasi ni dogo kuliko unavyotarajia: jaribu nusu toni 2, kisha 3, na usipite 4. Pengo linalobaki lizibwe na mazoezi ya sauti, si na kitufe. Jambo jingine la kuangalia kabla ya kuamua ni kama wimbo wenyewe unabadilisha kii katikati. Yoru ni Kakeru wa YOASOBI, kwa mfano, karibu na mwisho unashuka kwanza kisha unapanda, na anayechagua kii kwa kujaribu ubeti wa kwanza tu hukutwa hana pa kwenda kiitikio cha mwisho kinapofika. Wimbo wowote usioujua vizuri, upime kwa kiitikio chake cha mwisho.

Kuhusu mazoezi yenyewe, inasaidia kufahamu kinachotokea kooni. Misuli iliyo ndani ya nyuzi za sauti hizifanya ziwe nene na fupi, nayo hutupa sauti ya kifua. Misuli mingine iliyo mbele ya zoloto huzivuta zikawa ndefu na nyembamba, nayo hutupa sauti ya juu. Sauti hupasuka pale misuli ya kwanza inaposhikilia kupita kiasi halafu ikaachia ghafla. Mwanakwaya wa besi ana tatizo la ziada, kwa sababu kwa miaka mingi hajaombwa kutumia misuli ya pili, kwa hiyo imelala. Dawa ni kuanzia juu na kushuka. Anza na "u" ya falseto karibu na A4, laini kabisa, uteremke so-fa-mi-re-do bila kuongeza nguvu, kisha uanze tena nusu toni chini, na tena, mpaka falseto hiyo iwe imevuka mgeuko wako na kufika C4. Mwanzoni itakuwa hafifu mno mpaka utadhani unapoteza muda. Usiisukume. Baada ya wiki chache itapata mwili, na utagundua kwamba kuna noti nne au tano ambazo sasa unaweza kuziimba kwa njia zote mbili. Noti hizo ndizo daraja lako, na humo ndimo Wajapani wanamotafuta kile wanachokiita mikkusu boisu, yaani sauti iliyochanganya kifua na falseto.

Ukishapata daraja, lichukue kiitikio chenyewe kwa hatua. Kwanza kiimbe oktava moja chini, polepole, mpaka melodia na maneno visikusumbue tena. Kisha kiimbe chote kwa falseto nyepesi katika kii utakayoitumia, hata zile sehemu ambazo mwimbaji wa asili anatumia kifua, ili koo lijue njia bila kukaza. Mwishoni ndipo uingize kifua katika noti za chini tu, ukikiruhusu kipungue kadiri unavyopanda. Watu wengi hufanya kinyume: hubeba kifua chote kutoka ubeti hadi kilele na kutumaini kwamba ujasiri utawavusha. Kwa kupasha sauti joto, puliza "u" kupitia mrija wa kunywea uliozamishwa kidogo ndani ya glasi ya maji, ukipanda na kushuka kwa dakika chache. Mgandamizo unaorudi kutoka kwenye mrija husaidia nyuzi zikutane bila kugongana kwa nguvu, na unaweza kulifanya zoezi hilo hata ndani ya chumba cha karaoke wakati mwenzako anaimba.

Katika lugha, wewe una bahati ambayo wageni wengi waliopo Japani hawana. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, nazo hukaa karibu sana na zetu, ila "u" yao haiviringishi midomo kama ya Kiswahili. Zaidi ya hapo, nyimbo zao hupimwa kwa vipande vidogo vya sauti ambavyo mara nyingi kila kimoja hupewa noti yake, na "n" inayosimama peke yake huhesabiwa kama kipande kamili. Mwingereza huona shida kuiimba "n" hiyo. Sisi tunaosema mtu na nchi tumeizoea tangu utotoni. Konnichiwa ni vipande vitano, ko-n-ni-chi-wa. Tokyo, ambayo irabu zake hurefushwa, ni vinne, to-o-kyo-o, na urefu huo ni wa lazima kama ulivyo katika kaa au mzee. Konsonanti iliyorudufishwa, kama katika kitte, ni kipande kimoja cha ukimya: ki, kimya, te. Katika mistari ya haraka ukiuruka ukimya huo utamaliza mstari kabla ya muziki. Fahamu pia kwamba irabu zinazomezwa katika mazungumzo, kama "u" ya desu au ya suki, kwa kawaida hurudi katika uimbaji zikipewa noti. Tatizo moja linabaki, nalo ni "i" kwenye noti za juu. Irabu hiyo hubana koo kwa sababu ulimi umeinuka, basi ukifika juu ifungue kidogo kuelekea "e", udondoshe taya, na msikilizaji bado ataisikia kama "i".

Pumzi sitaizungumzia sana, kwa kuwa kwaya imeshakufundisha. Ninaongeza jambo moja tu: andika maneno ya wimbo kwenye karatasi na uweke alama mahali utakapovuta pumzi, kwa sababu katika nyimbo hizi nafasi haziji zenyewe. Mahali pengine itakubidi uikate silabi ya mwisho mapema ili upate nusu ya pigo la kuvuta hewa. Ikate bila wasiwasi.

Ndani ya chumba, kabla hujagusa kii, rekebisha sauti za mashine. Vyumba vingi hukutwa muziki ukiwa juu na mwangwi ukiwa mwingi. Mwangwi unapendeza lakini unakuficha usijisikie, na mtu asiyejisikia hupiga kelele. Punguza muziki, punguza mwangwi, ongeza maiki kidogo. Kipaza sauti ukishike kwenye mpini, kikielekea mdomoni, bila kukifunika kichwa chake kwa kiganja, maana ukikifunika sauti hufifia na spika zinaweza kuanza kupiga mluzi. Kisogeze karibu kabisa na midomo kwenye falseto ya mwanzo na kwenye noti za chini, halafu kiondoe urefu wa kiganja unapopiga noti kali za kiitikio. Kwa mwendo huo mdogo wa mkono, zile sehemu za chini ulizosema hazisikiki zitaanza kusikika. Usianze na Hakujitsu ukiwa ndiyo kwanza umeketi. Imba kwanza nyimbo mbili tatu za katikati. Pombe iache mpaka umalize wimbo wako mgumu, na kunywa maji. Inafaa pia uende peke yako mara mojamoja mchana, kwani Wajapani wana desturi hiyo na hata wameipa jina, hitokara, na hakuna atakayekushangaa. Ukisikia maumivu, acha. Sauti ikikauka na isirudi hata baada ya wiki tatu, mwone daktari wa masikio, pua na koo.

Wanaopenda nyimbo za wanawake wana hesabu ya kuvutia, nami naitaja kwa kuwa najua utaifikia siku moja. Mwanamume akiimba oktava moja chini ya mwanamke, mara nyingi wimbo humwia chini mno. Akiuimba oktava chini huku muziki ukiwa umepandishwa nusu toni 4 au 5, sauti yake inakuwa chini ya ile ya asili kwa nusu toni 8 au 7, na hapo wengi huwa na raha. Kumbe wakati mwingine kitufe cha kupandisha ndicho kinachomshusha mtu mahali pake.

Mwisho, usiogope alama. Mashine za Japani hupima kama noti zako zinafuata melodia katika kii uliyoichagua, na hazikupunguzii alama kwa kuishusha. Ile michoro ya mistari inayoonyesha noti wakati unaimba itumie ukiwa peke yako, kwa sababu inakuonyesha papo hapo mahali unapoanguka chini ya noti, kwa kawaida palepale penye mgeuko. Ukiwa na watu, izime. Kwa jioni ijayo na wenzako wa maabara, ninapendekeza hivi: acha Hakujitsu katika kii yake ya asili, mwombe mwenzako mwenye sauti nyembamba ashike nafasi ya Iguchi, nawe uchukue ya Tsuneta, ambayo sauti ya besi inaibeba vizuri. Utakuwa unausikia wimbo kutoka ndani yake, na utaona kwa masikio yako mwenyewe ni wapi falseto inaingia na inatoka. Mwezi unaofuata, baada ya mazoezi ya kushuka, mbadilishane nafasi, kii ikiwa imeshushwa nusu toni 2.